Usiku wa Bujuku: kupanga upya safari ya maziwa ya Kitandara

Kosa letu la kwanza lilikuwa la kalenda. Sisi walimu hupata likizo mwezi Mei, kati ya muhula wa kwanza na wa pili, na kwa kuwa hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa nayo, niliipanga safari ya kwenda kwenye maziwa ya Kitandara, juu kabisa katika milima ya Rwenzori, kwa kufuata ratiba ya shule badala ya ratiba ya mvua. Kila mkulima wa Kasese anajua kwamba mvua kubwa za huku huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na kwamba zile za pili huja Septemba hadi Novemba. Mimi pia nilijua. Nilijiambia kwamba mvua ni mvua, mtu huvaa koti akaenda zake. Siku ya tatu tulifika Ziwa Bujuku tukiwa tumelowa hadi mifupani, tukalala usiku mmoja mbaya, na asubuhi yake tukageuka. Kitandara hatukuiona.

Sasa ninaipanga safari hiyo upya, kwa mwezi wa Januari, na mpango wenyewe umenifundisha mengi kuliko nilivyotarajia. Ninayaandika hapa kwa ajili ya msomaji wa Uganda na wa nchi jirani ambaye amezoea kuiona milima hii kwenye picha za watalii na kudhani kwamba haimhusu. Inamhusu. Asubuhi za kiangazi, kabla ya mawingu kupanda, mtu wa Fort Portal huiona akiwa barabarani anakwenda kazini, na kuna siku chache katika mwaka ambapo weupe wa kileleni huonekana wazi kabisa.

Rwenzori si mlima mmoja wala si volkano kama Elgon au Kilimanjaro. Ni pande kubwa la mwamba wa kale lililosukumwa juu kando ya Bonde la Ufa, na juu yake kuna milima sita yenye majina: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kilele cha juu zaidi, Margherita, kiko kwenye Mlima Stanley, mita 5,109 kutoka usawa wa bahari, na barani Afrika kinazidiwa na Kilimanjaro na Mlima Kenya tu. Wakonzo, wenyeji wa miteremko hii, huiita theluji nzururu, na katika imani yao ya jadi Kithasamba, mwenye mlima, anakaa huko kwenye weupe. Maziwa ninayoyazungumzia yako chini ya weupe huo, kwenye mabonde yaliyochongwa na barafu ya zamani. Mimi sina haja ya kilele. Nataka kulala usiku mmoja kando ya Kitandara, niamke alfajiri niyaone maji yakiwa yametulia kabla upepo haujaamka, na kisha nirudi nyumbani.

Mwenzangu mmoja wa kazini, aliyesoma Canada kwa miaka kadhaa, aliposikia ninapanga safari ya aina hii alinieleza jinsi watu wa huko wanavyokwenda kulala kwenye maziwa ya milimani katika majira ya kuchipua. Hufunga chini ya viatu vyao vyombo vipana vya kutembelea juu ya theluji, ili uzito wa mwili utawanyike na mguu usizame. Huondoka alfajiri wakati theluji bado ni ngumu kwa baridi ya usiku, kwa maana ikifika saa sita mchana jua limekwisha kuilainisha na kila hatua huwa ya taabu. Alinionya pia juu ya barafu iliyofunika ziwa: katika majira hayo inaweza kuonekana nzima na kumbe imeoza kutoka chini. Nilimsikiliza kwa makini sana, kwa sababu ingawa sisi tuko kwenye mstari wa ikweta na hatuna majira ya kuchipua, maswali ni yale yale. Ardhi itanibeba au haitanibeba? Ni saa ngapi za siku ambazo njia inapitika vizuri? Mguu wangu utakuwa mkavu usiku? Kwao jibu liko kwenye theluji, na kwetu liko kwenye tope.

Nieleze njia yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo ramani iliponidanganya. Njia ya mzunguko wa kati huanzia Nyakalengija, kijiji kilicho juu kidogo ya mita 1,600, na siku ya kwanza hupanda msituni hadi kibanda cha Nyabitaba, mita 2,651. Siku ya pili hushuka hadi daraja la Kurt Shafer, pale mito Mubuku na Bujuku inapokutana, kisha hupanda katika mianzi na baadaye katika misitu ya erika iliyovaa ndevu za kuvu, hadi kibanda cha John Matte, karibu mita 3,400. Siku hiyo ni ndefu, saa saba kwa mtu wa mwendo wangu, na magoti hayaisahau. Siku ya tatu ni kilomita chache tu. Ukizitazama kwenye karatasi utasema ni matembezi ya kabla ya chakula cha mchana, lakini kilomita hizo zinapita katika vinamasi viwili vya Bigo, cha chini na cha juu, ambako nyasi hukua kwa mafungu marefu kama vichwa vya watu waliokaa, na kati ya fungu na fungu kuna tope jeusi lisiloonyesha kina chake. Sehemu nyingine zina njia ya mbao. Pasipo na mbao mtu huruka kutoka fungu hadi fungu akiomba lisipinduke. Mimi moja lilipinduka, mguu ukazama hadi gotini, na nilipouvuta ulitoka bila gambuti. Mpagazi mmoja alilala kifudifudi juu ya nyasi, akaingiza mkono hadi begani, akalipapasa na kulitoa likiwa limejaa tope kama chungu cha uji. Alilimimina, akalisuuza mtoni, akanirudishia bila kusema neno. Tulipoteza kama nusu saa, na soksi ile haikukauka hadi tuliporudi nyumbani.

Kutoka Ziwa Bujuku, ambalo limezungukwa na milima ya Stanley, Speke na Baker, njia ya Kitandara hupanda tena hadi kipito cha Scott Elliot, mita 4,372, yaani ule mwanya kati ya Stanley na Baker ambamo njia hupenya, kisha huteremka kati ya kuta za miamba hadi kwenye maziwa mawili ya Kitandara. Kibanda kiko kando ya maji, mita 4,023. Kesho yake njia hupanda kipito cha pili, Freshfield, mita 4,282, halafu ndipo inaposhuka kuelekea kibanda cha Guy Yeoman na kurudi Nyabitaba. Hapa nataka msomaji asimame kidogo na azitazame namba hizo, kwa maana mpango mzima umefungwa ndani yake. Kitandara iko kati ya vipito viwili. Ukitaka kutoka hapo kuja upande wa Uganda ni lazima kwanza upande, iwe umetoka kwa njia ya Scott Elliot au ya Freshfield, na hata anayekuja kwa njia ya Kilembe kutoka kusini huvuka kipito cha Bamwanjara. Maji yenyewe hayaji upande wetu: mto unaotoka Kitandara, Butawu, hushuka Congo na kuingia Semliki. Mto Bujuku nao huingia Mubuku, maji yakafika Ziwa George, yakapita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, na kutoka hapo yakaingia Semliki vilevile. Maji ya maziwa mawili yaliyotenganishwa na kipito kimoja tu huuzunguka mlima mzima, kila moja kwa upande wake, ndipo yanapokutana tena. Napenda sana kulifikiria jambo hilo. Lakini kwa mtu anayeumwa maana yake ni nzito, kwa sababu dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mlimani, ule unaompata mtu anayepanda juu kabla mwili haujaizoea hewa hafifu, ni kushuka, na pale Kitandara hakuna kushuka kuelekea nyumbani bila kupanda kwanza.

Hilo ndilo sikulielewa mwezi ule wa Mei, nikalielewa usiku wa manane.

Nilikuwa nimekwenda na mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka ishirini na miwili, mwenye nguvu, mchezaji wa mpira wa kijijini kwetu. Tulifika kibanda cha Bujuku, karibu mita 3,960, saa kumi alasiri, mvua ikinyesha mchanganyiko na vipande vya barafu. Wapishi walipoleta chakula, kijana alisogeza sahani yake kando. “Nimeshiba, Shangazi,” alisema. Huyu ni mtu ambaye nyumbani hula sahani mbili kisha huuliza kama kuna ukoko. Neno hilo peke yake lilipaswa kuniamsha, lakini nami nilikuwa na shughuli yangu: mfuko wangu wa kulalia ulikuwa umelowa. Nilikuwa nimeuingiza ndani ya begi bila kuufunga kwanza ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, nikitegemea lile vazi la mvua la begi, na maji yalikuwa yameingia kwa mgongoni, kidogokidogo, siku nzima. Nilipoukamua upande wa miguuni maji yalidondoka sakafuni. Nikalala nimevaa koti, sweta mbili na kilemba cha khanga kichwani, nikitetemeka.

Kama saa nane usiku nilisikia mtu anahangaika na zipu. Niliwasha taa ya kichwani. Kijana alikuwa ameketi wima, anajaribu kuifungua zipu ya mfuko wake ili atoke nje kutapika, na vidole vyake vilikuwa vinaipapasa kama vidole vya mtu aliyevaa glavu, vinaikosa, vinaipata, vinaikosa tena. Nilimfungulia. Aliporudi aliniambia kwamba kichwa kilikuwa kimeanza kumuuma tangu tulipokuwa kwenye kinamasi cha juu, na kwamba hakutaka kuniharibia safari. Nilikwenda kumwamsha kiongozi wetu, mzee wa Kikonzo ambaye amezunguka njia hizi tangu ujana wake. Alikuja na taa, akamtazama usoni, akamwambia ashuke kitandani na atembee juu ya ubao mmoja wa sakafu, kisigino mbele ya vidole, kwenda na kurudi. Kijana alitembea bila kuyumba. Akamwuliza anapumuaje akiwa amekaa tu, na kama ana kikohozi. Hakuwa nacho.

“Mwalimu,” mzee akaniambia, “akili yake iko sawa na kifua chake kiko sawa. Lakini kesho hatupandi.”

Nilimbishia, na leo naona aibu. Nilimwambia kwamba Kitandara iko juu ya Bujuku kwa mita sitini tu, kwamba ni mwendo wa nusu siku, na kwamba kijana akipumzika huko itakuwa sawa na kupumzika hapa.

“Kwenda ni karibu, Mwalimu,” alisema. “Kurudi ndiko mbali.”

Kisha akanieleza habari ya vipito viwili, kwa sauti ya chini, jinsi anavyoelezwa mtu ambaye hatakiwi kuogopa. Kutoka Bujuku mgonjwa hushuka bonde hilo hilo alilopandia, kila hatua ikimpeleka kwenye hewa nzito zaidi, na akishindwa kabisa kutembea atabebwa, kwa shida lakini kwa kushuka. Kutoka Kitandara atabebwa kupanda kwanza. Asubuhi tuligeuka. Tulipofika John Matte kijana aliomba chai, na tulipofika Nyabitaba alikula sahani mbili.

Kwa hiyo mpango wa Januari umeanzia pale pale kwenye kibanda cha Bujuku, ukatawanyika kwenda mbele na nyuma. Mara ya kwanza nilipanga kwa kuuliza tutatembea kilomita ngapi kwa siku. Sasa nauliza tutalala juu kiasi gani, na tukiamka pale tutakuwa watu wa namna gani. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba mtu akishapita mita 3,000 asiongeze zaidi ya mita 500 hivi kutoka kulala hadi kulala, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku moja bila kupanda pa kulala. Pima njia yetu kwa kipimo hicho: kutoka Nyabitaba hadi John Matte ni zaidi ya mita 700, na kutoka John Matte hadi Bujuku ni kama mita 550. Ni siku mbili mfululizo za kuruka, katika urefu ambao shinikizo la hewa limeshuka hadi kama asilimia 60 ya lile la pwani. Vijana wenye nguvu ndio huumia mara nyingi, kwa sababu miguu yao huwafikisha kabla damu yao haijazoea.

Nimeongeza siku moja, nami nimeiweka John Matte. Tutalala hapo usiku mbili. Siku ya katikati tutapanda bila mizigo hadi kinamasi cha chini, tukae, tunywe chai, kisha turudi kulala chini. Wengine hupendekeza siku hiyo iwekwe Bujuku kwa kuwa mandhari yake ni mazuri zaidi. Sikubaliani nao. Siku ya kuzoea hewa inafaa kuwekwa kabla ya mahali pa hatari, na John Matte mtu akiumwa huteremka tu. Pamoja na hiyo, nitabeba chakula na malipo ya wapagazi ya siku moja ya akiba isiyo na jina, itakayotumika Bujuku ikihitajika. Kama haitahitajika, tutairudisha nyumbani ikiwa unga na mchele. Nimezungumza na daktari pia kuhusu asetazolamidi, ile dawa ya kusaidia mwili kuzoea urefu, kwa sababu si kila mtu anafaa kuitumia na haifai kununuliwa dukani kwa kusikia tu kwa rafiki. Hata ukiimeza, haikupi ruhusa ya kupanda ukiwa na kichwa kinachouma.

Sasa nirudi kwenye unyevu, maana siku hizi nauona kuwa ndugu wa ugonjwa wa mlimani. Usiku ule mimi sikuwa mgonjwa, lakini sikuwa mtu wa kutegemewa. Aliyelala ndani ya mfuko uliolowa, hajasinzia, anatetemeka, huwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni kwamba taabu hii isiende bure. Ndiyo maana nilibishana na mzee. Januari kila kitu cha usiku kitafungwa ndani ya kavera mbili nene, moja ndani ya nyingine, shingo ikisokotwa na kukunjwa: mfuko wa kulalia, fulana ya sufu, suruali ya kulalia, na jozi moja ya soksi ambayo haitaguswa na kiatu hata kama zile za mchana zimekuwa maji matupu. Hizo ni soksi za usiku. Asubuhi mtu huzivua zikiwa bado na joto lake, akavaa tena zile za baridi na mbichi, na huo ndio wakati mgumu kuliko wote wa safari, mgumu kuliko vinamasi. Nguo za pamba nimeziacha zote, jinzi na fulana za kawaida, kwa sababu pamba ikilowa huko haikauki, nayo hukaa mwilini ikinyonya joto. Sufu hata ikilowa hubaki na uvuguvugu.

Kuhusu miguu nina msimamo. Watu huja na viatu vya ngozi vya bei kubwa, wanavivaa hadi kinamasi cha kwanza, halafu wanavibeba. Gambuti ndiyo kiatu cha njia hii, gambuti za kawaida za mkulima, mradi zitoshe vizuri. Zikibana, vidole vitavimba wakati wa kuteremka. Zikiwa pana mno, tope litazivua kama lilivyonivua mimi. Ndani tumeweka soli ya ziada na tutavaa soksi mbili, nyembamba chini, nene juu. Viatu vya kamba vitakuwa ndani ya begi kwa ajili ya kipito cha Scott Elliot, ambako miamba huweza kuwa na ganda la barafu asubuhi, nyembamba na angavu kiasi kwamba huioni mpaka umeikanyaga. Hapo naukumbuka ushauri wa mwenzangu wa Canada kwa kuugeuza kidogo: kwao huwahi ili ugumu usiyeyuke, nasi tutaondoka saa moja asubuhi kwa sababu mara nyingi mawingu hupanda kutoka mabondeni kabla ya saa sita, na yakishapanda mtu haoni fimbo ya aliye mbele yake. Lakini kama mvua ya usiku imeganda juu ya mawe, tutasubiri jua liiguse njia kwanza. Jambo hilo ataliamua kiongozi, na nimeliandika kwenye daftari ili nisibishe.

Chakula nacho nilikikosea. Nilikuwa nimebeba maharage. Katika urefu wa mita 4,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi 87 hivi za Selsiasi, hayafiki mia, na maharage yaliyokaa jikoni saa tatu yalitoka yakiwa bado yanagonga meno, huku mafuta ya jiko yakiisha. Safari hii tumechukua kamande zinazoiva upesi, mchele, unga wa wimbi kwa uji, karanga zilizosagwa, samaki wakavu, tangawizi na sukari nyingi kuliko ninavyotumia nyumbani kwa mwezi. Mtu wa huko juu hupoteza hamu ya kula kabla hajajua kwamba anaumwa, kwa hiyo sahani iliyorudishwa nusu tutaihesabu kuwa habari ya kuulizwa pale pale.

Wapagazi na viongozi wengi ni Wakonzo wa vijiji vya chini ya hifadhi, na kibanda cha John Matte kimepewa jina la mwenyeji aliyeanzisha shughuli hii ya kuwaongoza wapanda milima. Mbuga ya taifa ilitangazwa mwaka 1991 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994, ikafungwa mwaka 1997 kwa sababu ya vita vya waasi, ikafunguliwa tena 2001, na katika miaka hiyo yote waliobaki wakizijua njia ni watu hawa. Katika kundi letu Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, mimi Mtooro, mpishi aliyekulia Bwera karibu na mpaka, na mzee aliyejifunza lugha hii utotoni kwa wachimbaji wa shaba wa Kilembe. Nimemuomba mzee yule yule atuongoze. Kabla ya kukubali aliniuliza kwa simu kama kijana ana koti zuri zaidi, na kama wapagazi nao wamewekewa mablanketi kwenye hesabu yangu. Mara ya kwanza sikuwa nimeyahesabu. Nilikuwa nimeandika “wapagazi” na idadi, kana kwamba ni magunia, wakati wao hulala katika baridi ile ile. Sasa yamo.

Kuna jambo linalonifanya nisiahirishe hadi mwaka mwingine. Mwaka 1906, mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, alipopanda vilele hivi akiwa na mpigapicha Vittorio Sella, barafu ya Rwenzori ilikuwa imeenea kwenye kilomita za mraba kama 6.5, juu ya milima yote sita. Kufikia mwanzo wa karne hii ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, nayo inaendelea kupungua mwaka hadi mwaka. Mzee wetu huonyesha kwa fimbo mahali ambapo barafu ilifika alipokuwa kijana, na fimbo hiyo huelekea kwenye mwamba mtupu. Maziwa yatabaki, kwa kuwa mvua ndiyo inayoyalisha zaidi, lakini nataka niione Kitandara wakati bado kuna weupe juu yake.

Kabla ya hapo, Desemba, shule zikifungwa tu, tutakwenda Ziwa Mahoma. Hilo liko chini zaidi, karibu mita 3,000, limezuiwa na tuta la mawe na udongo lililosukumwa na barafu ya zama za kale, na mzunguko wake ni wa siku mbili au tatu kutoka Nyakalengija. Tutalala na vitu vile vile, kavera zile zile, soksi za usiku zile zile, na kijana ataniambia kila asubuhi, bila kuulizwa, mambo matatu: amelalaje, kichwa kikoje, na jana alikula kiasi gani. Nami nitamwambia yangu. Tumekubaliana kwamba Bujuku, kabla ya mtu yeyote kuvaa gambuti, tutayasema mbele ya mzee, na akisema tunageuka, tunageuka.

Jumamosi iliyopita tulikwenda soko la Mpanga kumnunulia gambuti mpya. Muuzaji alimpa saizi yake ya kawaida, kijana akavaa soksi mbili alizokuwa amezitia mfukoni, akasimama, akapiga hatua tano kwenda kwenye magunia ya mihogo na tano kurudi, akashuka ngazi ya soko kwa kukanyagia vidole, kisha akarudi na kuomba namba moja zaidi.